Matairi ya Misimu Yote kwa Gari la Umeme

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Minneapolis, Marekani, na matairi ya Tesla Model 3 yangu, saizi 235/45R18, yamekwisha kuwa vipara. Je, ninunue Michelin CrossClimate 2 au Hankook iON evo AS?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa theluji ya jimbo lako la Minnesota ningechagua CrossClimate 2 bila kusita, kwa sababu ubavuni lina alama ya mlima wenye chembe ya theluji, ambayo hupewa tairi lililofaulu jaribio la kukamata kwenye theluji, ilhali herufi M+S (kifupi cha Kiingereza cha “matope na theluji”) pekee hueleza umbo la mifereji tu. Hankook, lililobuniwa mahususi kwa magari ya umeme, huviringika kwa wepesi zaidi na lingekuongezea kilomita kadhaa kwa chaji moja, mimi ningezisamehe. Kabla ya kulipa, hata hivyo, inama usome namba inayofuata saizi: 98 maana yake tairi hubeba kilo 750, na 94 kilo 670 tu, upungufu usiolifaa gari lenye betri nzito. Kwa kuwa mifereji ya CrossClimate 2 ina umbo la V na tairi huzunguka kwa mwelekeo mmoja, fundi ahamishe ya mbele kwenda nyuma na ya nyuma kwenda mbele, upande uleule, kila baada ya kilomita 10,000.