Kikosi kinafyekwa kikiwa nyuma ya ukuta

Umeuliza kwa nini kikosi chako kwenye Company of Heroes, gemu ya vita ya kompyuta, kinafyekwa na rashasha ilhali umekiweka nyuma ya ukuta. Ndugu, huenda tatizo si ukuta, ni upande. Kinga kwenye gemu hii inategemea risasi inatoka wapi. Adui akikujia ubavuni, ukuta wako umegeuka pambo.

Kabla hujabofya kukipeleka kikosi mahali, sogeza kipanya hapo uangalie vile vidoti vya rangi vinavyoonyesha kinga. Kijani ni kinga nzito, njano ni nyepesi, na nyekundu ni mahali pa wazi kabisa kama barabarani, ambako unaumia kuliko hata ukisimama uwanjani. Mimi nilicheza wiki nzima nikidhani ni urembo tu!

Rashasha usiifuate uso kwa uso. Watu wako watalala chini, wataanza kutambaa, na hapo wamekwisha. Lakini ina pembe yake ya kufyatulia, na wapigaji wakitaka kuigeuza wanahitaji muda wa kuipanga upya. Basi kikosi kimoja kikae kwenye kijani mbele yake kikiishughulisha, kingine kizunguke nyuma na mabomu ya mkono.

Mambo yakiharibika, bonyeza kitufe cha kurudi kambini mapema, usingoje abaki mmoja. Kujazia kikosi kilichopona ni nafuu kuliko kununua kipya, tena uzoefu wao hawaupotezi.

Na ukiona mrusha moto anakuja, hama haraka. Moto haujali ukuta.