Usiniulize nilitumia mkorogo gani

Jana usiku msomaji ameniandikia: "Dada, naolewa Desemba. Nimeona picha zako za zamani ulivyokuwa unang'aa. Nielekeze ule mkorogo." Sikulala vizuri.

Mdogo wangu, picha zile ni za 2015, sendoff ya dada yangu. Wiki tatu kabla, muuza duka wa Kariakoo alinikorogea mkorogo wa kung'arisha ngozi mbele ya macho yangu: losheni, tyubu mbili za krimu, mafuta ya chupa isiyo na jina. Siku ya shughuli kila shangazi aliuliza nimepaka nini. Niliona raha, sikatai. Raha ile ilinifunga miaka minne.

Vifundo vya vidole vilikataa kabisa, vikabaki vyeusi. Nikijaribu kuacha, uso unawaka na kutoka vipele, narudia kopo mbio. Kumbe zile tyubu zilikuwa steroidi kali, klobetasoli na betamethasoni, dawa za pumu ya ngozi zinazopakwa kwa muda mfupi, si mwili mzima kila siku. Zinakondesha ngozi. Ukiacha ghafla, inalipuka.

Mwaka 2019 nilijifungua kwa upasuaji. Kidonda kikachelewa kufunga. Muuguzi akasema wodi nzima ikisikia: "Hawa wa mkorogo ngozi zao hazishiki uzi." Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale kitandani. Muuguzi alisema kweli, lakini angeniambia pembeni. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Mashavuni nimebaki na weusi wa kibluu, kazi ya haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi. Daktari wa ngozi ameniambia huenda usiishe.

Kwa hiyo usianze. Haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, bado vinauzwa. Ukiona kwenye boksi neno "calomel" au "mercury", au onyo kwamba krimu isiguse dhahabu na fedha, hiyo ni zebaki, inaua figo, na anayekukumbatia naye inamfikia. Mimi nilibeba mimba nikiwa najipaka! Kopo lisilo na maandishi ndilo baya zaidi, kwa kuwa hata daktari hatajua aanzie wapi. Na wewe uliyekwishaanza, usiache kienyeji. Nenda kwa daktari wa ngozi na kopo lako mkononi, akupunguzie taratibu. Usione aibu kama mimi.

Bibi harusi, kama umeshanunua, usifungue. Niandikie tena, hata saa nane usiku nitakujibu.