Siku tatu bwawani na boti ndogo wakati wa joto: besi watakuwa wapi, na hema upige wapi

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Wewe na mpwa wako wa miaka kumi na miwili mnaingia bwawani katikati ya majira ya joto, boti yenu ya alumini haifiki mita tano, mtalala usiku tatu na mnataka kuvua besi, yule samaki mwenye mdomo mkubwa. Samaki watakuwa wapi, na hema mlipige wapi? Nimekwenda safari za namna hiyo miaka tisa mfululizo, nyingi nikiwa na kaka yangu, na kwangu hilo ni swali moja tu. Joto likiwa kali, besi hula sana alfajiri, mwanga unapoanza kuchungulia, kisha jua likipanda hushuka kilindini. Anayetoka nyumbani asubuhi hukuta karamu imekwisha. Ninyi mtakuwa mmeamkia pale pale. Kwa hiyo kambi ichague kwa kutazama mahali utakapotupa mshipi saa kumi na moja alfajiri, uzuri wa mandhari uje baadaye.

Wengi huvutiwa na hori lililoingia ndani sana, maji yametulia, miti imeinama pande zote. Nami nilianzia huko. Lakini huko mwisho maji ni haba, yamepata joto na hayatembei, na samaki wakubwa waliokuwa humo wakati wa kutaga wameshatoka. Kumbuka bwawa ni bonde lililozamishwa. Chini bado kuna mkondo wa mto wa zamani, kingo zake, pengine barabara na visiki vya miti iliyokatwa kabla maji hayajajaa. Tafuta ramani ya eneo inayoonyesha miinuko, uufuate ule mkondo kwa kidole mpaka uone unapojipinda na kukaribia ncha ya rasi. Hapo kina kinaweza kushuka kutoka mita mbili hadi nane ndani ya hatua chache. Besi hupumzika ukingoni mwa kilindi hicho na hupanda juu ya rasi kula. Safari yao ni fupi, na yenu itakuwa fupi zaidi mkilala nyuma ya rasi hiyo, upande uliokingwa na upepo.

Hema lipige juu zaidi kuliko unavyodhani inatosha, na boti usiiache na pua mchangani ukaenda kulala. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka wetu wa tatu tuliikokota boti mpaka nusu ikae nchi kavu, mizigo yote ikiwa ndani, tukalala. Bwawa lile lilikuwa la kuzalisha umeme, na usiku walifungulia maji. Tulipoamka, maji yalikuwa yamerudi nyuma hatua nne au tano na boti imekaa juu ya tope. Tulishusha kila kitu, betri, mafuta, sanduku la barafu, tukaisukuma kwa magogo kidogo kidogo. Tulisikia samaki wakipasua maji kule kwenye rasi muda wote huo, na tulipoelea jua lilikuwa limeshapanda.

Tangu siku ile boti inalala ikielea. Tunatupa nanga upande wa kilindini, tunaifunga omo, yaani mbele ya boti, kisha kamba nyingine tunaileta nchi kavu kwenye mti, tukiiacha na ulegevu wa kufuata maji yakipanda au kushuka. Kamba ya nanga iwe ndefu, mara tano hadi saba ya kina, maana ikiwa fupi nanga huinuka badala ya kushika. Na usifunge nanga tezi, yaani nyuma ya boti, wakati kuna mawimbi. Kule ndiko boti iko chini zaidi na ndiko ilikobeba uzito wa injini. Wimbi likiingia mara mbili tatu imejaa. Ukishafika, choma kijiti mahali maji yanapoishia, ukikague kabla ya kulala. Ndani ya saa chache utajua bwawa linapanda au linashuka, na hilo litakusaidia hata kwenye uvuvi: maji yakishuka, besi huondoka kwenye vina vifupi na kusogea kwenye kingo za mkondo.

Sasa kuanzia saa tatu asubuhi. Wakati wa joto maji ya bwawa hujigawa matabaka: la juu lina joto, la chini lina baridi, na katikati kuna ukanda mwembamba ambao joto hushuka ghafla, wenyewe huuita termoklaini. Watu husema samaki amekimbilia baridi, basi wanatupa chambo mpaka mita kumi na tano. Mara nyingi huko hakuna kitu. Tabaka la chini halikutani na hewa, na uozo wa mimea hula oksijeni iliyomo. Hata maji ya juu hayana ziada: maji baridi ya nyuzi 10 huweza kubeba kama miligramu 11 za oksijeni kwa lita, yale ya nyuzi 30 kama 7.5 tu. Kwa hiyo samaki anabanwa, na hukaa juu kidogo ya ule ukanda. Kama una sona, kile chombo kinachotumia sauti kuonyesha kilichomo chini ya maji, ongeza nguvu yake mpaka uone mstari wa ukungu uliolala sawasawa kwenye kioo, halafu usihangaike na chochote kilicho chini yake. Tafuta mahali ambapo kina hicho kinakutana na kitu kigumu: kisiki, jiwe, ukingo wa mkondo, nguzo ya daraja lililozama.

Kuhusu chambo sina mambo mengi, na nadhani watu hubeba visanduku vingi mno. Alfajiri, chambo bandia cha kuelea kinachotibua maji. Mchana, mnyoo wa plastiki, ncha ya ndoana ikifichwa ndani ya mwili wake ili isinase kwenye visiki, na chubwi, yaani kizito cha kuzamisha, yenye umbo la risasi ikitangulia kwenye mshipi. Uache ushuke mpaka chini, kisha uuvute polepole kuliko subira yako inavyotaka. Besi wengi huuchukua unaposhuka, kwa hiyo tazama mshipi: ukisogea pembeni bila wewe kuuvuta, kuna samaki. Wakigoma kabisa, chubwi iwe chini na ndoana ifungwe juu yake kama sentimita 30, chambo kielee hapo kikitikisika mahali pamoja. Kama maji yanafunguliwa kwenye bwawa, mvutano wake huwapanga samaki wakitazama kule maji yanakotoka, nawe tupa ili chambo kiwajie kutoka upande huo.

Samaki mnaowarudisha majini ndio wanaoniumiza roho zaidi msimu huu. Besi aliyepigana kwenye maji ya moto anachoka vibaya, na anaweza kuogelea vizuri mbele ya macho yako akafa baadaye. Mvute upesi, usimchezee. Lowesha mikono kabla ya kumshika ili usimtoe ute unaomkinga. Mshike mdomo wa chini kwa kidole gumba, na kama ni mkubwa mpe mkono mwingine tumboni. Ukimning'iniza kwa taya peke yake unaweza kumvunja. Aliyetoka mita tisa au kumi huenda akaelea ubavu kwa sababu kibofu chake cha hewa kimetanuka. Ndiyo maana nikipata wawili watatu wa kina hicho nahama. Wa kula chukua wadogo, uwaweke kwenye barafu mara moja.

Maji ya kunywa: jengeni hesabu ya lita nne kwa kila mtu kwa siku, na muyabebe. Kwenye joto mabwawa mengine huota uoto wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagwa juu ya maji. Baadhi yake hutoa sumu, na kuchemsha hakuiondoi. Ukiona utando huo kwenye hori, msioge humo wala kuosha vyombo, wala msile samaki wa hapo.

Upepo ndio utakaokutisha kuliko vyote. Mchana, ardhi ikishapata joto, hewa huanza kutembea, na kwenye bwawa refu mawimbi hukua kadiri yanavyokimbia. Kuvuka upande wa pili fanyeni asubuhi. Mafuta yagawe mafungu matatu: fungu la kwendea, fungu la kurudia, na fungu lisiloguswa. Mizigo mizito iwe chini na katikati. Kamba ya kuzimia injini ifunge mwilini kila unapoendesha, na jaketi okozi mpwa wako asilivue mkiwa majini, wewe pia, maana akikuona umelivua atalivua. Mkisikia radi, tokeni majini. Fito za kaboni hupitisha umeme na boti yenu ni chuma kitupu katikati ya uwanja. Msijikinge chini ya mti mrefu ulio peke yake. Subirini nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Umeuliza pia kama mtoto ataweza kuvua au atachoka. Alfajiri ya kwanza mkae wote wawili kwenye rasi, nchi kavu, kabla hata ya kufungua boti, na yeye umpe chambo cha kuelea. Akitupe, akiache mpaka viduara vya maji viishe, akitikise kidogo, akiache tena. Kosa watakalomfanyisha samaki ni moja: maji yatapasuka, naye ataruka kwa mshtuko na kuvuta kabla ndoana haijaingia mdomoni. Mwambie mapema, usiku wa kuamkia siku hiyo, kwamba akisikia mpasuko asifanye kitu. Angoje mpaka ahisi uzito mkononi, ndipo ainue ufito.