Ndugu yako yuko Ruanda? Uliza kwanza ni mahabusu au mfungwa

Hapa Mbeya mtu akikamatwa, ukoo mzima unajua "yuko Ruanda", yaani gereza la hapa mjini, basi. Nimefuatilia kesi za mashemeji na majirani, na swali langu la kwanza siku hizi ni moja: ni mahabusu au ni mfungwa? Mahabusu kesi yake bado, na hati yake ina tarehe ya kurudishwa mahakamani. Mfungwa ana hati ya kifungo. Wa kwanza mtafutie dhamana, kama kosa linadhaminika. Wa pili fikiria rufaa.

Nenda na namba ya kesi. Gereza linafuata jina lililoandikwa kwenye hati ya mahakama. Nyumbani mnamwita kwa jina la utani, karani kaandika la babu yake tena kwa herufi zake, na mtabishana getini mpaka saa za kutembelea ziishe.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo familia zinapochanganyikiwa. Mfungwa mwenye nidhamu hupata msamaha wa theluthi moja: miaka 6 inakuwa 4. Akivuruga huko ndani, anaweza kuupoteza. Kifungo cha maisha hakina theluthi. Aliyefungwa miaka 3 kwa kila kosa, makosa mawili, msome hakimu alisema nini: adhabu zikienda pamoja ni 3, zikifuatana ni 6. Na miezi aliyokaa mahabusu? Gereza haliikati lenyewe. Kifungo huhesabiwa tangu siku ya hukumu, na ni hakimu anayepaswa kuizingatia anapopanga adhabu.

Msamaha wa Rais ni jambo jingine kabisa. Unatokana na Ibara ya 45 ya Katiba, na mara nyingi hutangazwa sikukuu kama 26 Aprili au 9 Desemba. Anayekuomba hela akuingizie jina la ndugu yako kwenye orodha, mpite. Parole, yaani kuachiwa kabla ya muda kwa masharti, nayo ina bodi yake.

Usimtafute Ruanda tu. Akishafungwa anaweza kuhamishiwa gereza la kilimo, kama Songwe.

Rufaa kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu: taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, rufaa yenyewe siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala ya hukumu. Mfungwa anaweza kuiwasilisha kupitia mkuu wa gereza. Kwa hiyo ukienda kumwona wiki ile ya kwanza, kabla ya habari za shamba na ng'ombe, muulize kama ameshaweka dole gumba kwenye taarifa hiyo.