Bibi, nasali lakini nyumba bado kimya

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 27, nyumbani ni Marangu. Mwaka jana nilipata ajira nikapangiwa kijiji kimoja huku Tandahimba, Mtwara. Watu si wabaya, ila wakikaa wanaongea Kimakonde na mimi nabaki kutabasamu. Wengi ni Waislamu. Kanisa letu la Kilutheri, KKKT, liko mbali, bodaboda kwenda na kurudi ni hela nyingi, kwa hiyo Jumapili nasikiliza ibada kwenye simu, mtandao ukikubali. Karibu yangu kuna kakanisa ka Waanglikana. Nilienda mara moja, nikakuta ubani, kengele na kupiga magoti kila saa, nikajiona nimepotea njia. Mama mwenye nyumba hunigongea jioni nikale naye, mimi hujibu nimeshiba. Krismasi sikwenda nyumbani sababu ya nauli, na Bibi unajua Mchaga kukosa Krismasi kwao ilivyo. Nasali kila usiku. Nikisema amina, nyumba iko kimya vilevile. Sasa kwenye kundi la maombi la WhatsApp mtumishi mmoja kaniambia nina roho ya kukataliwa, nitume sadaka ya ukombozi. Ni kweli? Au imani yangu ndiyo ndogo?
Mwalimu wa Kusini

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na ugeni.

La hela kwanza, maana hilo halingoji. Usitume. Huyo mtumishi hajui hata mlango wako unatazama wapi. Roho ya kukataliwa gani inayomkaa mtu anayegongewa kila jioni aende akale? Kwa barua yako mwenyewe, anayekataa hapo ni wewe.

Sikuandikii hivyo kukusuta. Miaka ya 1980 nilipangiwa kazi ya uuguzi huko huko kusini, wakati huo Rufiji tunaivuka kwa pantoni. Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa 2003. Masika mto ukifura, magari yanalala ng'ambo, na barua ya mama yako inalala nayo. Nyinyi wa leo mnapiga simu ya video, lakini nadhani simu nayo ina ukatili wake: unaiona sahani ya nyumbani na huwezi kuigusa.

Uliuliza kama imani yako ni ndogo. Fungua 2 Timotheo sura ya 4, usome polepole mpaka mwisho, maana wahubiri wengi huishia kwenye "vita vizuri nimevipiga" na kufunga Biblia. Paulo yuko kifungoni. Dema kamwacha. Kwenye jawabu lake la kwanza hakusimama naye mtu hata mmoja. Kisha anasema Bwana alisimama pamoja naye akamtia nguvu. Ukisikia mahubiri ya siku hizi ungetegemea aishie hapo, mambo yamekwisha. Paulo haishii hapo. Anamwagiza Timotheo alete joho aliloliacha kwa Karpo huko Troa, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Amchukue na Marko waje pamoja. Na afanye bidii afike kabla ya wakati wa baridi. Mtu aliyesimamiwa na Bwana mwenyewe bado anataka koti, vitabu na rafiki, na haoni aibu kuyaandika yote katika barua moja.

Kwa hiyo ukisema amina na bado ukatamani sauti ya mtu, hujakosa imani hata kidogo. Umesali, sasa una njaa ya watu, na njaa hiyo Mungu ndiye aliyekuumba nayo.

Sala zako za usiku endelea nazo, ila punguza maneno ya kuomba upweke uondoke. Mtu akiuomba uondoke kila siku, anaishia kuukagua kila siku. Mimi zamu za usiku nilisoma zaburi, kwa sauti ya chini, wagonjwa wakiwa wamelala. Ile ya 102 nilikuja kuijua bila kitabu: "Nakesha, tena nimekuwa kama shomoro aliye peke yake juu ya nyumba." Sikupata jibu lolote usiku ule. Nilipata mwenzangu, mtu wa kale aliyekosa usingizi kama mimi na akamwambia Mungu hivyo hivyo bila kupamba. Na siku hali ikiwa mbaya kabisa soma ya 88. Hiyo inaishia gizani, haina hata mstari wa kukubembeleza, na wazee wetu wa imani waliiacha humo humo ndani ya Biblia.

Twende kanisani. Huo ubani uliokukimbiza una historia. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Waanglikana kutoka Uingereza, walifungua kituo Masasi mwaka 1876, na waliofika nao kuanza kijiji walikuwa watumwa walioachwa huru, wametokea Zanzibar. Watu waliong'olewa kwao, wengine hawajui hata ndugu zao waliishia wapi. Uanglikana wa upande huo umeanza na wageni kuliko wewe, na kengele zile walizisikia wao kwanza. Rudi Jumapili hii. Kaa benchi la nyuma, wakipiga magoti piga, ukipotea mtazame mama aliye mbele yako. Kuhusu kushiriki Meza ya Bwana muulize padri wao mapema, atakuambia utaratibu. Ibada ikiisha usichomoke. Baki nje mlangoni, kwa sababu kufahamiana kunafanyika pale, watu wakiulizana habari za mashamba na bei ya korosho. Ibada ya kwenye simu ni nzuri kwa mgonjwa, lakini hakuna atakayekuuliza mbona Jumapili iliyopita hukuonekana. KKKT nenda mara moja kwa mwezi. Ile hela ya "ukombozi" inatosha bodaboda.

Sasa huyu mama mwenye nyumba. Leo akigonga, fungua, nawa mikono, kaa mkekani. Yeye atasema bismillahi, wewe utasali yako kimoyomoyo, ugali ni mmoja. Nahisi unaogopa kwamba ukizoeana na Waislamu utapoa. Nimekula nao miaka na miaka, na Ukristo wangu haukupungua hata kijiko. Siku yako ikifika mpikie machalari, zile ndizi za nyama za kwenu. Nyama ichukue kwa mchinjaji Mwislamu ili ale bila wasiwasi, na pombe ya mbege iache Marangu. Ramadhani ikifika usikose futari. Muombe akufundishe Kimakonde, kuanzia salamu. Utakosea, watakucheka, na kicheko hicho ndicho kitakachokufungulia vibaraza vya jirani.

Kuomba kubadilishana kituo na mwalimu mwenzako anayetaka kusini siyo dhambi wala si kumkimbia Mungu. Omba ukitaka. Ila usiishi huku umefunga begi.

Jambo la mwisho nalisema kama muuguzi. Ikiwa usingizi umepotea kwa wiki mbili tatu, chakula hakipandi, darasani unasimama huku machozi yanatoka, au umeanza kuwaza kwamba afadhali ungekufa, usingoje Jumapili. Mwambie mwalimu mwenzako akusindikize hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo. Eliya aliomba afe chini ya mretemu, na malaika alianza na mkate, maji na usingizi, mara mbili, kabla ya neno lolote la utume. Ukifika kwa daktari sema yote, pamoja na hilo la kutaka kufa. Usiseme "nimechoka tu". Tukisikia hivyo tunakupa dawa ya maumivu na kukurudisha nyumbani.