Pinsapar: gari liache Benamahoma, si Grazalema

Hapana mkuu, usifanye hivyo. Nimesoma bandiko lako la safari ya milima ya Grazalema, kusini mwa Hispania, mara mbili nikidhani nimeelewa vibaya, kumbe nimeelewa sawasawa: wiki ya mwisho ya Oktoba, wewe, shemeji na watoto wa miaka 9 na 12, "gari tunaliacha Grazalema, tunatembea njia ya Pinsapar mpaka Benamahoma, jioni tunarudi kwa basi." Hayo maneno manne ya mwisho ndiyo yaliyonileta hapa usiku huu na kesho nina zamu ya alfajiri. Umeuliza kuhusu kijiji cha kulala, vibali, chakula kisicho na nguruwe, bonde la Garganta Verde na viatu vya watoto. Kurudi hukuuliza. Umekuandika kana kwamba kumeshapangwa, na mimi nilikuandika hivyohivyo kwenye daftari langu miaka mitatu iliyopita.

Basi lipi mkuu? Nani amekuambia?

Mimi niliambiwa na mwenye nyumba aliyetupangisha pale Grazalema. Alitwaa risiti ya duka, akaigeuza, akanichorea ramani kwa kalamu: hapa mwanzo, hapa mwisho, hapa basi. Njia ni saa tatu, akasema, mabasi ya kurudi yapo. Hiyo karatasi ninayo mpaka leo. Nikaongezea na jamaa mmoja wa video mtandaoni aliyesema "ukifika Benamahoma mambo ni rahisi", na mambo kwake yalikuwa rahisi kwa sababu mwenzake alikuwa anamsubiri na gari nje ya picha. Hilo hakulisema. Watu wa namna hii wananiudhi kuliko waongo, kwa sababu mwongo unaweza kumshtukia. Huyu anakupa nusu ya habari kwa uso wa furaha, wewe unaenda kulala ukidhani umepata habari nzima.

Na kabla mtu hajaja na "mngejipanga", mimi ni wa Marangu. Kupanda na kushuka nimenyonya na maziwa ya mama. Mlima haukunishinda.

Angalia ardhi ilivyokaa. Kati ya vijiji vya Grazalema na Benamahoma kuna safu inaitwa Sierra del Pinar, na kilele chake, El Torreón, kinapita mita 1,600. Njia ya miguu inakatiza upande wa kaskazini wa safu hiyo. Barabara ya lami inazunguka upande wa pili, inapanda mpaka Puerto del Boyar, mita 1,103, halafu inateremka Grazalema. Kwa lami ni kilomita 13 hivi. Ukimaliza kutembea, mlima mzima umekaa kati yako na gari lako, na hakuna pa kuchomokea katikati. Eneo lote lile linalindwa, UNESCO waliliorodhesha mwaka 1977 na Andalusia ikalifanya hifadhi mwaka 1984, kwa hiyo njiani hakuna kibanda, hakuna duka, hakuna njia ya gari ya kukuokoa. Ni mbele au nyuma.

Tulikuwa mimi na mke wangu. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Moshi, tukamwacha kwenye nyumba ya wageni na binti yetu wa miaka minne. Nilimwambia kwa mdomo wangu, "Mama, saa kumi tutakuwa hapa, tutakula wote." Jumapili ya kwanza ya Novemba. Tuliondoka saa tano asubuhi, maana njia si ni saa tatu?

Saa nzima ya kwanza ni kupanda kwa kona, mawe ya chokaa, misonobari michache. Ukishavuka juu unaingia kwenye msitu wa pinsapo wenyewe, na hapo nakubali, sijaona msitu kama ule. Ni miti iliyobaki tangu enzi za barafu, na makazi yake ya asili ni milima michache tu ya kusini mwa Hispania na kaskazini mwa Morocco. Majani yake ni mafupi, magumu, yamezunguka tawi pande zote kama brashi ya kuoshea chupa za mtoto. Ukipitisha kiganja kuelekea ncha ni laini, ukirudisha yanakuchoma. Mke wangu alikaa pale akipiga picha tawi moja dakika kumi. Sikumharakisha. Basi si lipo.

Halafu mvua. Watu wanasikia Andalusia wanafikiria jua na vumbi. Mawingu ya Atlantiki yakitoka baharini hukutana na milima hii kwanza, kwa hiyo Grazalema inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Hispania. Mawe ya chokaa yaliyosuguliwa na viatu vya watu, yakilowa, yanateleza kama sabuni. Tukawa tunateremka kwa kushikana mikono, hatua moja, tunasimama, hatua nyingine. Mtandao wa simu ulishapotea zamani. Saa tatu za yule bwana zikawa sita na nusu.

Tumeingia Benamahoma saa kumi na moja na nusu. Kumbuka kwamba Jumapili ya mwisho ya Oktoba Ulaya inarudisha saa nyuma. Kabla ya mabadiliko hayo, jua lingezama baada ya saa moja jioni. Siku ile, saa kumi na mbili na nusu jua limeshazama. Wewe unaenda wiki hiyohiyo ya kubadilisha saa. Angalia kalenda yako sasa hivi.

Kijiji kizuri, nyumba zote nyeupe kwa chokaa, maji yanapita kila mahali. Kituo cha basi kina karatasi ndani ya plastiki. Nikawasha tochi ya simu nikasoma mstari kwa mstari kwa kidole. Safu ya Jumapili ilikuwa tupu. Nikasoma tena nikidhani nimechanganya safu, maana Kihispania changu ni cha kuombea maji. Mke wangu akasoma. Tupu.

Nikampigia mama mkwe. Laini yake ya Tanzania haifanyi kazi huku, anatumia waifai ya nyumbani tu. Nikatuma ujumbe WhatsApp, tiki moja. Nikatuma mwingine, tiki moja. Hapo ndipo nilipojua kwamba ametoka nje. Hayupo ndani ya nyumba, giza linaingia, mvua inanyesha, ana mtoto, na Kihispania anajua neno moja, "gracias."

Tukafanya jambo la kijinga zaidi: tukaanza kutembea kwenye lami kuelekea Puerto del Boyar. Usiku, barabara haina pembezoni, magari yanatoka kwenye kona yakiwa na mwendo. Baada ya dakika ishirini na tano lori likapita karibu kiasi kwamba upepo wake ulimsukuma mke wangu kwenye ukingo. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba Neema, turudi," na tukarudi. Simu yangu ilizima njiani.

Mwenye baa moja kijijini ndiye aliyetusaidia. Akatuwekea viti karibu na moto, akapiga simu mbili tatu, teksi ikapatikana Ubrique, mji wa jirani, ikaja saa mbili kasoro dakika kumi. Euro 55. Ningelipa 200 bila kuuliza.

Saa mbili na robo usiku tunaingia uwanja wa Grazalema. Mama amekaa kwenye benchi mbele ya kanisa, chini ya kibaraza cha duka la jirani. Kitenge amejifunga juu ya koti, na juu ya kitenge kuna blanketi zito la sufu, yale wanayofuma palepale Grazalema. Mwenye duka alikuwa amemfunika, akaleta na kiti chake akakaa naye. Neema amelala mapajani, mkononi ana kipande cha mkate. Mama alikuwa pale tangu saa kumi na moja. Kila gari lililoingia uwanjani alisimama kuangalia kama ni sisi. Mwenye duka ndiye alitueleza hilo kwa ishara, anasimama, anakaa, anasimama, anakaa.

Mkwe wangu hakunigombeza. Aliniambia "Pole na safari, baba." Unajua kwetu mkwe akikwambia hivyo baada ya wewe kumwacha gizani na mjukuu wake, unabaki na nini cha kusema? Sikuweza kula. Amerudi Moshi, tunaongea vizuri, na kila nikisikia mtu anasema "jioni tunarudi kwa basi" namwona anasimama na kukaa.

Kwa hiyo mkuu, kanuni ni moja, na nakuomba uishike hata kama mengine yote utayatupa: GARI LIWE MWISHO WA NJIA. Siku moja kabla, weka teksi ya asubuhi kwa simu. Asubuhi endesha mpaka Benamahoma, acha gari hapo, teksi ikupandishe mpaka mwanzo wa njia. Mwanzo hauko ndani ya Grazalema, uko juu ya kijiji, kando ya barabara ya kwenda kijiji cha Zahara, mwambie dereva "El Pinsapar" atakuelewa. Ukishashuka kwenye teksi, kila hatua inakupeleka kwenye gari lako. Mvua ikinyesha, watoto wakichoka, shemeji akikaa dakika kumi na tawi moja, hakuna hasara, hakuna basi la kukimbilia. Teksi ya asubuhi ukiikosa, umeikosa mchana kweupe ukiwa na gari pembeni yako na chai haijapoa. Ya jioni ukiikosa, umeshasoma.

Watu watakuambia uende na kurudi kwa njia ileile. Kwa mtu mzima mwenye siku ndefu ya Mei, sawa. Kwa mtoto wa miaka 9 mwishoni mwa Oktoba, usiku utamkuta kwenye yale mawe.

Kibali: ndiyo, kinatakiwa, Pinsapar na Garganta Verde vyote, idadi ya watu kwa siku ina kikomo, ombeni mapema, ofisi ya wageni ya hifadhi iko kijiji cha El Bosque. Sisi tulikuwa nacho mfukoni na hakikutuletea gari. Garganta Verde unateremka kwanza mpaka chini ya korongo ambako tumbusi wanazunguka juu yako, halafu kupanda kote kunakusubiri mwisho miguu ikiwa imekwisha. Uzuri wake ni kwamba unarudi ulipoacha gari. Ona, hata hapo ni suala la gari liko wapi.

Kama una wasiwasi na watoto, anza na njia ya mto Majaceite, kati ya El Bosque na Benamahoma, kilomita tano hivi, kivuli na maji mwanzo mwisho. Hiyo hata ukirudi kwa miguu hamtaumia. Viatu, vyenye meno. Chakula, jibini la mbuzi la kijiji cha Villaluenga linaitwa payoyo, mengine wadau wa Sevilla watakuelekeza, mimi siku zile sikuwa na hamu ya kula.

Mambo ya kulala Zahara au Grazalema tutayaongea baadaye, vijiji vyote viwili vyeupe, vyote vizuri, havihami. Kwanza tafuta namba ya teksi ya Ubrique au El Bosque, piga kesho asubuhi, mtaje tarehe na saa, halafu rudi hapa uniandikie amekujibu nini. Nitakuwa natoka zamu saa tisa, nitaangalia uzi.