Babu wa chini ya mwembe anapunguzaje spidi ya wengine?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kibanda cha wai-fai hapa Chikongola, Mtwara, nauza vocha za saa na za siku, na kila vocha nimeiwekea spidi sawa, megabiti 2 kwa mtu, sitaki lawama mie. Sasa kuna babu akikaa ng'ambo ya barabara chini ya mwembe na kisimu chake cha zamani, wote waliopo kibandani wanaanza kulalamika, akiondoka tu mambo yanarudi. Na babu mwenyewe ata picha moja haimfungukii! Anatumia nini huyu?
Mama Vocha, Mtwara

JIBU: Marahaba mama. Babu hajakuibia kitu, msamehe.

Chukulia wai-fai ni bomba moja la mtaa. Anachota mmoja wengine wanasubiri, kila kifaa kinasikiliza kwanza kama kupo kimya, kinasubiri kidogo kwa kubahatisha, alafu kinarusha pakiti yake (kifurushi kidogo cha data) na zamu inaenda kwa mwingine. Kwaiyo zamu ni sawa kweli, kila mtu ndoo moja. Ila babu kaja na dumu la mdomo mwembamba na faneli hana, maji yaleyale ya ndoo moja yeye anayajaza mpaka foleni inaota jua.

Hesabu yake hii hapa: simu ya karibu inayokwenda megabiti 54 kwa sekunde, pakiti ya baiti 1500 inamalizika chini ya robo ya milisekunde. Ya babu iko mbali, mawimbi hafifu, inajishusha mpaka megabiti 1, basi pakiti ileile inakula milisekunde 12, yani mara 54! Wakiwa wawili tu hewani kila mmoja anaambulia kama megabiti 1, na huyo mwenye simu ya maana pia. Watafiti wa Grenoble kule Ufaransa walishalieleza hili mwaka 2003. Ile megabiti 2 yako inapima maji, haipimi muda wa kukaa bombani.

Baadhi ya ruta zina mpangilio wa kugawa muda wa hewani badala ya zamu. Ukiuwasha, wale wawili wanapata nusu ya muda kila mmoja, wa karibu anafika kama megabiti 27 (kwenye karatasi, uhalisia ni pungufu) na babu anabaki na nusu megabiti. Wengi wataita hiyo haki, mi naona babu kalipa vocha kama wenzie, afu wakijaa watu 10 kwake si itakuwa tone tone?

Kwaiyo anza na ruta, ipandishe juu upande wa barabarani, na kama iko nyuma ya friji ya soda itoe leo leo. Spidi za kizamani za ruta, za megabiti 1 na 2, unaweza kuzizima ila simu za mbali zinaweza kukatika kabisa, ndo mana kabla ya yote hayo mi ningemwekea babu benchi hapo kibandani, kivulini.